Katoni Sita za Wino na Msaidizi Mmoja

Katika jengo lile la ghorofa saba, watu walijulikana kwa kamba ya shingoni, ile inayobeba kitambulisho. Mwenye kamba ya kijani alikuwa mfanyakazi wa kudumu: ana likizo, ana kiti cha magurudumu, na siku yake ya kuzaliwa inabandikwa ukutani karibu na lifti. Mwenye kamba ya njano alikuwa wa muda. Huyo hana likizo, kiti chake ni kile ambacho wenzake wamekikataa, na kuhusu siku yake ya kuzaliwa, kampuni haikuwa na hakika kama alizaliwa.

Bi Subira alikuwa wa njano, na muda wake ulikuwa umefika miaka tisa. Naam, umesikia sawasawa, tisa. Aliingia akiwa na mimba ya kitinda mimba wake, na sasa mtoto huyo alikuwa anajifungia chumbani akisema anataka faragha.

Jina la Subira hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa Idara ya Malalamiko, ghorofa ya nne, kwa sababu ndiye aliyekuwa anajibu simu na barua za wateja, na kila jibu lake lilimalizikia kwenye "tunaomba subira yako". Kampuni ilikuwa inauza mita za maji, na mita zenyewe zilikuwa na tabia ya kuhesabu hata upepo. Mtu amesafiri mwezi mzima, nyumba imefungwa kufuli, akirudi anakuta mita imekimbia utadhani ilifukuzwa na mbwa. Anapiga simu akitukana mpaka mababu. Bi Subira anamsikiliza, anamwita baba au mama kufuatana na sauti, anampoza taratibu, mpaka mwenyewe anaishia kumwambia awasalimie watoto. Hiyo ni kazi, jamani. Wenye kamba za kijani walikuwa thelathini na wanane katika idara ile, na hakuna hata mmoja aliyeiweza.

Sasa, kila miezi mitatu palikuwa na kitu kinaitwa Fomu ya Kuendelea. Kurasa mbili, na lazima isainiwe na mkubwa wa idara kabla mwezi haujaisha. Isiposainiwa, kitambulisho cha kamba ya njano kinazimwa, asubuhi geti halifunguki, na mlinzi uliyekuwa unataniana naye jana anakuuliza umekuja kumwona nani. Na ukishatoka siku moja tu, sheria ya kampuni ilisema usirudi tena. Kwa hiyo mara nne kwa mwaka mama wa watu alitembea roho mkononi.

Mwaka wake wa pili aliuliza kwa nini jina lake halimo kwenye orodha ya simu za ofisini. Akatumwa masjala. Masjala wakamtuma utumishi, utumishi wakamtuma stoo. Stoo! Karani wa stoo, mzee mmoja mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, akafungua daftari na kupitisha kidole.

"Wino mweusi, katoni sita. Karatasi za chooni, mabunda arobaini. Msaidizi wa malalamiko, mmoja. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Sasa mbona niko na karatasi za chooni?"

"Mwanangu, nyinyi wa njano hamko kwenye fungu la watu. Mko kwenye fungu la vifaa." Alipoona uso wa mwenzake umebadilika, akafanya haraka kumtuliza. "Lakini usihuzunike. Vifaa havicheleweshwi."

Bi Subira alicheka pale stoo. Aliposimulia nyumbani, mumewe, fundi wa mafriji, naye akacheka mpaka akapaliwa. Mama mkwe, aliyekuwa anaishi nao, ndiye hakucheka. "Mwanangu alioa mtu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Neno hilo lilimwingia Bi Subira kuliko alivyoonyesha. Kuanzia hapo alitaka jambo moja tu katika kampuni ile: atolewe kwenye vifaa, ahesabiwe na watu. Na njia ilikuwepo. Kwenye ile fomu, swali la tisa lilisema: "Nafasi hii ihesabiwe chini ya: Watu au Vifaa." Kila miezi mitatu alimbembeleza mkubwa aliyekuwepo aweke alama kwenye Watu. Kila miezi mitatu aliambiwa, "Safari hii tuache hivihivi, ijayo tutaangalia." Wakaangalia kwa miaka saba.

Basi mwaka huo mauzo yakaanguka, na wakubwa wa ghorofa ya saba wakatoa tangazo kwamba kampuni "inajipanga upya". Mwenye masikio alielewa. Watu wangepunguzwa. Tangazo lilisema watu, na halikugusa vifaa.

Hapo dunia ikageuka chini juu. Wale waliokuwa wanampita Bi Subira kwenye korido kama wanavyoipita ndoo ya mchanga, wakaanza kumsalimia hadi kwa habari za mume. Naibu mkuu wa idara, waliyemwita Bi Protokoli kwa sababu hata chafya alitaka ipitie kwa katibu wake, alimjia mezani na kuvuta kiti mwenyewe.

"Mdogo wangu," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo tangu dunia iumbwe, "hivi mtu anafanyaje ili awe kifaa?"

"Dada yangu, mimi sikufanya lolote. Nilijikuta tu."

"Lakini si kuna fomu?"

"Fomu ipo. Ila hatujazi sisi, mnatujazia nyinyi."

Bi Protokoli akaondoka akiwa amekunja uso, kama mtu aliyefunga mlango na kusahau funguo ndani.

Halafu ukaja ule uzushi. Bwana mmoja wa idara, aliyekuwa na shemeji wakili, akaleta habari kwamba barua ya kupunguzwa kazi haina nguvu mpaka mhusika aipokee kwa mkono wake na kusaini daftari la tarishi. Hujapokea, hujapunguzwa. Ndivyo alivyosema shemeji, na shemeji amesoma.

Habari hiyo ilienea kuliko mafua. Kuanzia Jumatatu Idara ya Malalamiko ikawa idara ya mbio. Tarishi, bwana mmoja mnene mwenye goti bovu, alikuwa akitokeza tu kwenye lifti na bahasha zake za kaki, thelathini na wanane hao! Wengine ngazi za nyuma, wengine kantini, mmoja alikutwa ndani ya kabati la mafagio akijifanya anatafuta fagio. Mkuu wa idara mwenyewe, waliyemwita Bosi Shati kwa vile hakuwahi kuonekana na shati lenye mkunjo, alijifungia choo cha wanaume saa tatu nzima. Jumanne alikuja na gazeti na mto wa kukalia.

Simu zikabaki zinalia kwenye meza thelathini na nane. Na Bi Subira, ambaye hakuwa na barua ya kuikimbia, akawa anazidaka. Anaruka meza hii, anaparamia ile. "Malalamiko hapa, habari za leo baba, tunaomba subira yako." Barua za wenzake alizijibu, akawawekea nakala mezani ili wakirudi wajue kazi yao imefika wapi. Alifanya kwa wema, na wema wenyewe ulikuwa wa kweli. Alisema moyoni, wenzangu wako matatani, nisiwaache waharibikiwe na hili pia.

Lakini naye alikuwa na lake. Mwezi ulikuwa unaishia Ijumaa, fomu haijasainiwa. Jumatano uvumilivu ukamshinda, akaenda kupiga hodi kwenye choo cha wanaume. Ndiyo, alifika huko.

"Bosi, ni mimi. Nina fomu."

Viatu vilivyoonekana chini ya mlango vikarudi nyuma.

"Bosi, viatu vyako naviona."

"Ni bahasha ya kaki?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni karatasi nyeupe. Naipitisha chini ya mlango."

Akaipitisha. Akasikia kalamu ikibofywa, akaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Swali la tisa niseme nini?"

"Sema Watu, bosi wangu. Utakuwa umeniokoa."

"Ah, Bi Subira, kwa hali ilivyo, safari hii tuache hivi..."

Hakumaliza. Nyuma ya Bi Subira, goti lililia ko! Tarishi alikuwa amemfuata polepole tangu koridoni, maana mtu mzima akimwona mama anapiga hodi choo cha wanaume, anajua kuna mkubwa ndani. Akainama kwa taabu, akasukuma bahasha ya kaki chini ya mlango uleule, kisha daftari.

"Saini penye mstari, mzee," akasema kwa upole. "Miguu yangu imechoka na wewe umechoka. Tusaidiane."

Daftari likarudi na saini. Fomu ikarudi bila saini, ina alama ya kiatu. Bi Subira alitamani ardhi ipasuke immeze. Bosi Shati alitoka, shati limekunjamana kwa mara ya kwanza, akampita bila kumtazama.

Alhamisi wakashuka watu watatu wa ghorofa ya saba, wenye vibao vya kuandikia. Walikuta viti thelathini na nane vitupu na mama mmoja wa kamba ya njano anakimbia kati ya simu.

"Malalamiko ya wiki hii yamejibiwa mangapi?" mmoja akauliza.

"Yote, bosi. Na ya wiki iliyopita."

Alijibu kwa fahari, maskini, akidhani anaisifia idara. Wale watatu wakatazamana. Mmoja akaandika kitu, akapiga mstari chini yake, na wakarudi kwenye lifti bila hata kuuliza wengine wako wapi.

Ijumaa asubuhi tarishi hakupanda. Saa tatu kamili simu za mkononi zikalia pamoja, chooni, kantini, ngazini na kabatini. Barua zilikuja kwa ujumbe wa simu, kila mmoja ya kwake, na chini yake maandishi madogo: ukifungua, umepokea. Shemeji wakili hilo hakulifikiria. Idara nzima ilikuwa imepunguzwa, kwa sababu imeonekana kazi zake zinakwenda vizuri bila watu.

Bi Subira alipoyasoma maneno hayo kwenye simu ya Bi Protokoli, aliiweka simu mezani taratibu. Ni yeye. Simu zile alizodaka, barua zile alizojibu, ndizo zilizowamaliza wenzake.

"Dada, sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua," Bi Protokoli akasema, akifunga kikombe chake kwenye gazeti. "Umetuua kwa wema. Na sisi tulikimbia wenyewe, hakuna aliyetufukuza mezani." Akamkumbatia, jambo ambalo halikuwa la kiprotokoli hata kidogo, kisha akaondoka na kikombe chake. Bi Subira akalia pale pale, waziwazi, huku simu mbili zinaita.

Saa sita mchana alikuwa peke yake ghorofani. Fomu ilikuwa mezani na alama yake ya kiatu. Akapiga simu utumishi.

"Inasainiwa na aliye mkubwa kati ya waliopo idarani," msichana wa utumishi akasema.

"Aliyepo ni mimi."

"Basi mkubwa ni wewe. Ifike kabla ya saa kumi." Akakata.

Bi Subira aliirudisha simu mahali pake. Halafu akainuka, akaenda kukalia kiti cha Bosi Shati, akagonga meza, akajiita. Msimcheke, mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Alijiuliza maswali kwa sauti ya kibosi na kujijibu kwa sauti yake.

"Mfanyakazi huyu anachelewa?"

"Siku moja tu, bosi, mvua ilinyesha."

"Isijirudie."

"Haitajirudia, bosi."

Akaenda hivyo mpaka swali la nane, akijipa alama nzuri lakini si za upendeleo. Kwenye la tisa kalamu ikakwama. Akafungua faili lake, alilolikuta kwenye droo ya Bosi, aone wakubwa waliotangulia waliandika nini. Fomu thelathini na tano. Zote Vifaa. Mmoja wao, Bi Subira alimuuguzia mkewe hospitali wiki mbili. Mwingine, alimpikia kwenye harusi ya binti yake. Vifaa, Vifaa. Na kwenye nafasi ya maoni, mkubwa wa kwanza alikuwa ameandika neno moja, "Anavumilia", na waliofuata wote wakalinakili.

Kumbe hakuna aliyewahi kuangalia. Hilo lilimuuma, nalo lilimkasirisha, na hasira ya mtu mpole huja na kiti chake, haiondoki upesi.

Hata hivyo hakuwa mjinga. Alijua fika kwamba ni watu wanaofagiliwa, na kifaa kimebaki. Akampigia mumewe.

"Mke wangu, weka Vifaa!" fundi akapiga kelele, nyuma yake friji la mtu likinguruma. "Hebu tuwe na akili! Watu ndio wanaofukuzwa! Ukiwa kifaa utazeekea humo!"

"Ndicho ninachokiogopa," Bi Subira akasema.

Simu ikanyakuliwa. Ilikuwa sauti ya mama mkwe, aliyekuwa amempelekea mwanawe chakula cha mchana. "Wewe mkwe wangu, mtu akiulizwa kama yeye ni mtu, huwa anapiga simu nyumbani kuuliza?"

Akaweka alama kwenye Watu. Swali la kumi, "Kwa muda gani?", akaandika "Kudumu". Kwenye maoni akafikiri kidogo, akaandika "Alivumilia". Akasaini kama mfanyakazi, akasaini kama mkubwa, akagonga mhuri mara tatu ili yasije yakatokea maswali.

Hayakutokea. Utumishi hawakuisoma, kama walivyokuwa hawakuzisoma zile nyingine. Jumatatu mlinzi wa geti alimvalisha kamba ya kijani na kumpongeza. Aliivaa sokoni. Aliivaa akiosha vyombo, mpaka mumewe akamuuliza kama na kitandani atalala nayo. Siku yake ya kuzaliwa ilibandikwa karibu na lifti, ingawa ilikuwa imebaki miezi mitano, naye alikuwa akishuka kuitazama kwa kisingizio cha kwenda kuchukua maji.

Siku kumi na tisa. Ya ishirini, ghorofa ya saba walihesabu upya na kushtuka: Idara ya Malalamiko, waliyotangaza kwamba haina mtu, ina mtu.

Tarishi alipotoka kwenye lifti, alizoea kuona visigino. Safari hii alimkuta Bi Subira amesimama mlangoni, amenyoosha mkono.

"Ni yangu?"

"Ni yako, mama. Samahani sana."

Alisaini daftari kwa mwandiko mzuri. Barua ilikuwa na majina yake yote matatu, bila kosa, na ilianza kwa "Ndugu mfanyakazi wetu". Ilisema imesikitika. Ilimshukuru kwa utumishi wake. Bi Subira alilia, na tarishi akampa leso, akamwambia kila mtu amelia. Hakujua kwamba huyu kilio chake kilikuwa na mambo mawili ndani yake, na ni vigumu kueleza lipi lilikuwa kubwa.

Nyumbani fundi alisema, "Si nilikwambia?" mara nne, mpaka mama yake akamtazama. Kisha mama mkwe mwenyewe akaomba asomewe barua, akaomba tena, na akaitia kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Wiki ya tatu Bi Subira akaitwa usaili kwenye kampuni nyingine, kubwa zaidi, jengo la ghorofa kumi na mbili, vioo vitupu. Akapewa fomu. Palipoulizwa kama amewahi kuajiriwa, akaweka alama kwenye Ndiyo bila kusita. Sababu ya kuondoka: "Nilipunguzwa."

"Pole sana," akasema bwana wa usaili, mtu wa makamo, koti zuri, mvi mbili tatu. Alimaanisha.

"Asante," Bi Subira akasema, naye alimaanisha zaidi.

Mazungumzo yakaenda kama maji. Bwana yule alimpa malalamiko matatu ya mfano, na kufikia la tatu alikuwa anamsimulia matatizo ya nyumba yake mwenyewe. "Mama, kazi ni yako," akasema. "Ni ya muda, miezi mitatu mitatu. Una swali?"

"Moja tu. Mnaniandika kwenye fungu la watu, au la vifaa?"

Bwana akatabasamu, akaona mwenzake hatabasamu. "Kusema kweli sijawahi kuulizwa. Nipe dakika moja nikaulize."

Alikaa nusu saa. Bi Subira alingoja na mkoba magotini, ameshaamua: wakisema vifaa, anaaga kwa heshima na kwenda zake. Mlango ukafunguka. Bwana wa usaili aliingia polepole, koti amelivua, mkononi ana karatasi yenye orodha ndefu. Akaisoma tena akiwa wima, kama ambaye hajaamini.

"Ni vifaa, mama," akasema. "Nimetafuta ukurasa mzima. Mimi nina miaka kumi na moja hapa. Na mimi nimo."

Bi Subira akamtazama. Akainuka, akamvutia kiti.

"Keti kwanza, kaka yangu," akasema. "Pole."